Masisi na Walikale: Namna pepopunda kali inavyotibiwa pale mashine ya kupumulia haipo

Mgonjwa wa pepopunda kali anapaswa kulazwa katika chumba chenye giza na kimya, kwa muda wa wiki tatu hadi nne, huku muuguzi akimwangalia mchana na usiku. Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kimya kimekuwa kitu cha shida kupata. Mwezi wa Januari 2025, wakati mapigano kati ya waasi wa M23 na jeshi la serikali pamoja na vikundi vya Wazalendo yalipofika Masisi-kati, maelfu ya raia walikimbilia ndani ya hospitali kuu ya rejea. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Machi, waasi waliingia Walikale-kati, na huko pia raia walitafuta hifadhi hospitalini kabla ya wapiganaji hao kuondoka mwanzoni mwa Aprili.

Vita huleta majeruhi wa risasi na wa mabomu. Lakini baada ya kidonda kuna hatari nyingine inayokuja polepole, siku nane au kumi baadaye, wakati wengi wanadhani mgonjwa amekwisha kupona. Hatari hiyo ni pepopunda, ambayo wauguzi na wagonjwa wengi wa Kivu huiita tetanosi.

Ni ugonjwa unaokingwa kwa chanjo ya bei ndogo. Ukishamshika mtu bila matibabu, Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema vifo hukaribia asilimia 100. Kati ya chanjo na kaburi kuna chumba cha wagonjwa mahututi, na kazi inayofanyika humo watu wachache wanaijua.

Sumu inayotoka kwenye udongo

Kijidudu cha pepopunda kinaishi ndani ya udongo na katika mavi ya wanyama. Kinajifunika ganda gumu na kinaweza kukaa miaka mingi ardhini bila kufa, hata jua na ukame haviwezi kukimaliza. Masisi ni nchi ya milima, malisho na ng'ombe. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote jimboni, ni nchi ya msitu na mashimo ya dhahabu na kasiteriti, ambako maelfu ya vijana huchimba kwa mikono, wengi wao bila viatu vigumu. Katika wilaya zote mbili mkulima hushika jembe na panga kila siku. Mguu uliokatwa na jembe, kidole kilichochomwa na mti, jeraha la risasi lililoingia matope, kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu, hata vidonda vya funza: hiyo yote ni milango ya kijidudu hicho.

Watu wengi huamini kwamba kutu ya msumari ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Msumari mpya uliolala kwenye udongo una hatari ileile. Jambo linalokipa kijidudu nguvu ni kidonda kirefu, chembamba, chenye nyama iliyokufa, ambamo hewa haifiki. Hapo ganda linafunguka, kijidudu kinaongezeka na kutoa sumu.

Sumu hiyo hupanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Mwili wa binadamu una ujumbe wa aina mbili kwa misuli: mmoja unaosema kaza, mwingine unaosema legeza. Sumu ya pepopunda huzuia ule wa kulegeza. Misuli inabaki kukaza, na kelele ndogo tu, mwanga au mguso wa mkono unatosha kuamsha mkakamao wa mwili mzima.

Dalili hutokea kati ya siku 3 na siku 21 baada ya jeraha. Kwanza taya linakuwa gumu, mgonjwa anashindwa kufungua kinywa. Uso unajikunja kama mtu anayecheka bila furaha. Shingo inakaza, kumeza kunakuwa shida, tumbo linakuwa gumu kama ubao, kisha mgongo unapinda kama upinde. Katika hayo yote mgonjwa hapotezi fahamu. Anasikia kila neno, anaona kila mtu, na maumivu anayasikia yote.

Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha ugonjwa huu kwa haraka. Daktari hutegemea macho na mikono yake. Njia moja rahisi ni kugusa nyuma ya koo kwa kijiti safi: mtu mzima wa afya hutaka kutapika, lakini mwenye pepopunda huuma kijiti kwa nguvu asiyoiweza kuizuia.

Siku zinazopotea njiani

Mashariki mwa Kongo, mtu anayekakamaa ghafla huweza kudhaniwa ana mapepo, amelogwa, au amewekewa karuho. Hata jina lenyewe la Kiswahili limebeba neno pepo. Familia nyingine huanzia chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji. Wengine humfungua mgonjwa kinywa kwa nguvu na kummiminia dawa za mizizi, jambo la hatari kubwa, kwa sababu asiyeweza kumeza huingiza maji hayo kwenye mapafu.

Saa hizo zina uzito. Sumu ikishashikamana na mishipa ya fahamu, hakuna dawa inayoweza kuitoa. Dawa inayokamata sumu, inayoitwa imunoglobulini, hufanya kazi tu juu ya sumu ambayo bado iko katika damu na haijafika kwenye mishipa. Kila siku inayopita kijijini inaipunguzia nguvu.

Kutoka vijiji vya ndani, mgonjwa husafirishwa kwa pikipiki pale njia inapopitika, au kwa kipoyi mabegani mwa vijana pale pikipiki isipofika. Kwa mgonjwa wa pepopunda, safari hiyo ni mateso ya pekee, maana kila mtikisiko wa njia unaweza kuleta mkakamao. Mvua ikinyesha, njia za Masisi zinateleza na zile za Walikale zinageuka matope. Na pale ambapo mstari wa mapigano unakata barabara, familia hulazimika kungoja.

Kazi tano kwa wakati mmoja

Hospitali kuu ya rejea ya Masisi inasaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, tangu mwaka wa 2007. Shirika hilo husaidia pia huduma za afya katika wilaya ya Walikale. Mwongozo wa matibabu wa MSF, ambao wauguzi wa vijijini sehemu nyingi za Afrika huutumia, unasema wazi kwamba matibabu yakifanywa sawasawa yanaweza kupunguza vifo hata katika hospitali yenye vyombo vichache. Katika kazi hiyo, hatua tano huendeshwa pamoja.

Ya kwanza ni kukamata sumu iliyobaki, kwa sindano moja ya imunoglobulini. Mgonjwa hudungwa pia chanjo, lakini sehemu nyingine ya mwili, ili dawa hizo mbili zisiharibiane.

Ya pili ni kufunga kiwanda cha sumu. Kidonda hufunguliwa, husafishwa, na nyama iliyokufa huondolewa. Antibiotiki, mara nyingi metronidazoli, hutolewa kwa siku saba. Wakati mwingine kidonda hakionekani kabisa, kwa sababu kimekwisha kufunga au kilikuwa kidogo mno. Matibabu huendelea hata hivyo.

Ya tatu ni kutuliza mikakamao. Dawa kuu ni diazepamu, inayotolewa kwa mshipa, kwanza kila baada ya saa chache au kwa serumu inayodondoka bila kukatika. Morfini huongezwa kwa ajili ya maumivu. Mahali pengine hutumika pia sulfati ya magnesiamu, dawa ambayo kila mkunga wa Kongo anaijua, kwa sababu ndiyo inayotumika kwa kifafa cha mimba. Uchunguzi uliofanyika Vietnam katika jiji la Ho Chi Minh, juu ya wagonjwa 256, na kutangazwa mwaka wa 2006, ulionyesha kwamba magnesiamu haikupunguza idadi ya waliohitaji mashine ya kupumulia, lakini ilipunguza wingi wa dawa nyingine zilizohitajika kutuliza misuli na moyo. Kwa hospitali yenye akiba ndogo ya dawa, hilo si jambo dogo.

Ya nne ni kulinda pumzi. Mkakamao unaweza kufunga koo au kukaza kifua, na mgonjwa akakosa hewa kwa dakika chache tu zinazotosha kumwua. Katika hali ngumu, daktari hutoboa tundu shingoni, chini ya koromeo, ili hewa ipite bila kutegemea kinywa. Kamasi zinazojaa humo lazima zivutwe kwa mashine ndogo, tena kwa upole, maana kuvuta kamasi kwenyewe kunaweza kuamsha mkakamao mwingine.

Ya tano ni kazi ambayo watu hawaihesabu kuwa dawa: kulisha, kugeuza, kusafisha. Misuli inayokaza mchana na usiku inakula nguvu za mwili kama mtu anayekimbia bila kupumzika. Mgonjwa hulishwa uji na maziwa kwa mpira mwembamba unaopitia puani hadi tumboni. Hugeuzwa ili asipate vidonda vya kulala. Yote hupangwa kwa pamoja, baada ya dawa ya kutuliza kushika, ili asiguswe mara nyingi.

Uzani wa diazepamu

Ugumu mkubwa uko hapa. Katika hospitali za nchi tajiri, mgonjwa wa pepopunda kali hulazwa usingizi mzito, misuli yake ikalegezwa kabisa kwa dawa, na mashine ikapumua badala yake kwa wiki kadhaa. Hospitali nyingi za wilaya mashariki mwa Kongo hazina mashine hiyo, au hazina umeme na wafanyakazi wa kuiendesha kwa saa 24.

Bila mashine, diazepamu inakuwa kisu chenye makali mawili. Ikiwa kidogo, mikakamao inamnyima mgonjwa pumzi. Ikizidi, dawa yenyewe inazima pumzi. Muuguzi anapaswa kutafuta kipimo cha katikati, na kipimo hicho hubadilika saa kwa saa. Kwa hiyo anahesabu pumzi kwa dakika, anaangalia kiwango cha oksijeni kwa kifaa kidogo cha kidole, anaandika idadi ya mikakamao na muda wake, kisha anaongeza au anapunguza dawa. Magnesiamu nayo ina mtego wake: ikizidi inalegeza hata misuli ya kupumulia, na dalili ya kwanza ni goti kuacha kuruka linapogongwa. Ndiyo sababu goti hugongwa mara kwa mara, na kalsiamu huwekwa karibu kama dawa ya kuokoa.

Pembeni mwa kitanda hukaa ambu, puto la mkono la kusukuma hewa. Pumzi ikikatika, mtu husukuma hewa kwa mikono mpaka mgonjwa arudi. Ndivyo huduma ya wagonjwa mahututi ilivyoanza duniani. Mwaka wa 1952, wakati wa mlipuko wa polio jijini Copenhagen, nchini Denmark, wanafunzi wa udaktari walipeana zamu usiku na mchana kusukuma hewa kwa mikono katika mapafu ya wagonjwa, kwa sababu mashine hazikutosha. Vifo vilishuka sana, na kutokana na kazi hiyo hospitali zikaanza kujenga vyumba vya pekee kwa wagonjwa mahututi.

Kwa hiyo idadi ya wauguzi ina uzito kuliko wingi wa vyombo. Muuguzi mmoja anayelinda vitanda 15 hawezi kumwona mgonjwa aliyeacha kupumua katika chumba cha giza. Na mgonjwa wa pepopunda hakai siku tatu. Anakaa wiki tatu au nne, kwa sababu mishipa ya fahamu inahitaji muda wa kuota upya miisho yake iliyoharibiwa na sumu. Muda wote huo kitanda hakipatikani kwa majeruhi mwingine.

Wiki ya pili ina hatari yake. Hata mikakamao ikituliwa, sumu huvuruga mishipa inayoongoza moyo. Presha ya damu hupanda ghafla kisha ikaanguka, jasho linatiririka, moyo unakimbia na mara nyingine unasimama. Homa ya mapafu nayo huwaua wengi waliokuwa wamekwisha kupita siku mbaya za mwanzo.

Barabara, friji na mafuta

Imunoglobulini na chanjo lazima zikae kwenye baridi ya digri 2 hadi 8. Hiyo maana yake ni friji, na friji maana yake ni umeme wa jua au jenereta yenye mafuta. Oksijeni ya hospitali za ndani hutoka mara nyingi katika mashine inayochuja hewa, nayo inahitaji umeme usiokatika.

Tangu mapigano ya Goma mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege wa jiji hilo ulipofungwa, njia kubwa ya kuingiza dawa jimboni ilikatika, na mizigo ikalazimika kuzunguka. Masisi-kati iko kilomita 80 hivi kutoka Goma, Walikale-kati iko mbali zaidi, na katikati hapo wapiganaji wa pande mbalimbali wameshika sehemu tofauti za barabara.

Wanaume nje ya kalenda

Mwaka wa 2019, Kongo ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, maana yake chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1.000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya kwa mwaka. Ni ushindi mkubwa. Duniani kote, watoto wachanga waliokufa kwa ugonjwa huo walikadiriwa kuwa 787.000 mwaka wa 1988. Mwaka wa 2018 walikuwa 25.000. Chanjo ya wajawazito, ambayo akina mama wengi wa Kivu wanaijua kwa jina la VAT, ndiyo iliyofanya kazi hiyo, pamoja na uzazi safi na wembe mpya kwa kitovu.

Lakini kutokomeza huko hakuna maana kwamba kijidudu kimetoweka. Kiko ardhini na kitabaki ardhini. Wala pepopunda haifuati desturi ya surua, ambapo wengi wakichanjwa wachache wanapona pia. Kila mtu hujikinga kwa chanjo yake mwenyewe.

Hapo ndipo pengo linapoonekana. Mtoto wa Kongo hupewa chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Msichana akikua na kupata mimba, huchanjwa tena kliniki. Mvulana hana kliniki ya namna hiyo. Kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita, na ndiyo maana OMS inapendekeza dozi tatu za nyongeza: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Kijana wa Walikale anayeshuka shimoni akiwa na miaka 20, mkulima wa Masisi mwenye miaka 45, mpiganaji aliyejeruhiwa, wengi wao hawajadungwa chanjo tangu walipokuwa wachanga, ikiwa walidungwa. Watoto waliozaliwa wakati wazazi wako mbioni wamekosa hata zile dozi tatu za kwanza.

Nafasi ya kuziba pengo hilo ipo kila mara mtu anapofika kituo cha afya akiwa na jeraha. Kidonda huoshwa kwa maji mengi safi na sabuni, bila kupaka udongo, majivu wala mavi ya ng'ombe. Kisha mgonjwa huulizwa lini alichanjwa mara ya mwisho. Asiyejua huhesabiwa kama asiyechanjwa: hupewa chanjo, na kama kidonda ni kirefu au kichafu, huongezewa imunoglobulini. Kidonda kirefu, kilichoingia udongo au kilichotokana na risasi hakifai kushonwa haraka na kufungwa. Mwanamke aliyebakwa naye, anapofika kutibiwa, chanjo ya pepopunda ni sehemu ya huduma anayopaswa kupewa.

Mtu ambaye taya limeanza kukaza anapaswa kupelekwa hospitali siku ileile, bila kunyweshwa kitu. Njiani afunikwe macho, asipigiwe kelele, asikandwe misuli.

Anayeokoka hutoka hospitalini amekonda, miguu ikiwa dhaifu, akijifunza tena kutembea. Hata hivyo hajapata kinga. Sumu ya pepopunda ni kali mno hivi kwamba kiasi kinachotosha kuua ni kidogo kuliko kiasi kinachotosha kuufundisha mwili kujikinga, kwa hiyo mtu anaweza kuugua mara ya pili. Ndiyo sababu hupewa karatasi ya chanjo anapoondoka. Dozi ya pili ni baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita. Kwa mtu wa kijiji cha ndani ya Walikale au cha milimani Masisi, tarehe hizo hutegemea kama barabara itakuwa wazi siku hiyo.